Yaliyosemwa Baada ya Wali

Naanza na kosa langu, maana nikianza na lake nitanogewa hata nisahau langu. Ile ripoti ya mtafiti, iliyomfanya mama yangu azuiwe mlangoni kwenye msiba, ni mimi niliyeituma kwenye grupu la kijiji. Niliituma kwa majivuno. Jina langu lilikuwa ukurasa wa kwanza, miongoni mwa watu aliowashukuru, na Kiingereza changu cha darasa la nane kiliishia hapo hapo penye jina.

Sisi ni Wapemba wa Jego, kijiji cha pwani kusini ya Diani. Mama alivuka bahari kutoka Pemba na mimi mgongoni akikimbia vurugu za huko kwetu, na hatukurudi tena. Mtafiti alitoka chuo kikuu cha bara, anaandika habari za wakimbizi: walivyofika, nani aliwapokea, walianzaje maisha upya. Mimi ndiye niliyempeleka nyumba kwa nyumba na kumfasiria Kipemba cha wazee. Kiswahili chake ni cha Nairobi, na wazee wakishika kasi yeye alikuwa akibaki na tabasamu tu.

Sitaki kumsingizia. Hakuwa na kiburi. Alivua viatu bila kuambiwa, alimsomea kila mtu karatasi ya ruhusa mpaka mwisho, na aliyekataa hakumsumbua. Kwa mama alikaa mkekani asubuhi nzima, kinasa sauti katikati yao. Mama akampa majibu ya wageni: tulikuja, tukapokewa vizuri, alhamdulillahi. Ilipofika adhuhuri mtafiti alikizima kile chombo, akashukuru, na mama akapakua wali.

Kwetu mgeni ambaye hajala hujibiwa tu. Mazungumzo huja baada ya kula na kunawa mikono, na yakija ni ya ndani ya nyumba, kwa kuwa mgeni kishakuwa jamaa. Hakuna aliyenifundisha jambo hili, ndiyo maana sikufikiri kumfundisha yeye.

Basi mama, huku anasuka ukili wa mkeka, akamweleza habari za jirani yetu, mzee wa Kidigo mwenye minazi kando ya kisima cha msikiti. Nilipofika umri wa kitambulisho, nacho mtoto wa mkimbizi hapewi, mzee yule alinipeleka ofisini akasema, huyu ni binti yangu wa kuzaa. Hakutaka chochote. Alisema tu, "Mtoto hawezi kukaa nchini kama paka." Mpaka leo yeye ndiye baba yangu wa kwenye karatasi.

Mtafiti alisikiliza huku anashushia maji. Hakuandika neno. Aliandika alipofika hotelini Diani. Aliniambia mwenyewe baadaye, akicheka, kwamba ana kumbukumbu nzuri.

Ukiacha zile shukrani, ndani ya ripoti hamna jina la mtu, hilo nakiri. Mna mjane asukaye mikeka kwa vidole tisa, na jirani yake mwenye minazi kando ya kisima cha msikiti. Jego nzima mwenye vidole tisa ni mmoja, mama yangu. Mpwa wa yule mzee, anayesoma Ukunda, aliisoma kwenye simu akawatafsiria binamu zake.

Wana wa mzee waliona jambo moja tu: dada wa karatasi, iko siku atakuja kudai minazi. Wakamkataza baba yao kuja barazani kwetu. Akawa anapita anatazama chini, na mama anajifanya hamwoni, kumsitiri. Mwezi uliopita mzee akafariki. Mama alijifunga leso akaenda kuhani, na mwana mkubwa wa marehemu akamzuia mlangoni, mbele ya wanawake wote.

"Rudi kwako, mama. Urithi tutagawana wenyewe."

Mama akarudi. Alikaa akasuka, akafumua, akasuka tena palepale.

Wiki iliyofuata mtafiti akapiga simu. Anataka kuandika kitabu cha pili, wakimbizi wale wale, wanavyoishi sasa. Nikamwambia karibu, njoo ule. Kisha nikaenda dukani nikanunua daftari.

Siku aliyokuja nilipika wali wa nazi na samaki wa kupaka. Sijawahi kupika kwa makini namna ile.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Huko bara hamli?"

"Tunakula kazi, mama."

Mama akacheka. Alijua nani amemwandika, lakini mgeni akishaingia kwake ni mgeni. Baada ya kula akaenda kuswali, nasi tukabaki na maganda ya machungwa.

"Na wewe dada," nikamwambia, "miaka yote unatuuliza sisi. Hujapata mtoto?"

Akaniambia. Ni habari ya mtoto, na ya jina la mtu mwingine lililo mahali pa baba kwenye cheti chake cha kuzaliwa. Alilia kidogo. Nikampa maji, nikamshika mkono, na naapa huruma niliyoona ilikuwa ya kweli. Kisha nikaingia jikoni nikaandika yote, kwa maneno yake mwenyewe, nikarudi nikamsomea.

"Unafanya nini?"

"Nina kumbukumbu nzuri."

"Lakini hiyo haikuwa intavyuu. Tulikuwa tunaongea tu."

"Mama naye alikuwa anazungumza tu."

"Mimi sikuandika jina la mtu."

"Wala mimi sitaandika. Nitasema ni mwalimu wa chuo mwenye mwanya, ana kovu juu ya nyusi, na gari lake la kijani taa moja imeshikizwa kwa gundi. Watakutafuta wenyewe."

Akalitazama daftari. Kisha akauliza nataka nini. Nikamwambia: kabla ya arobaini, uende na mama kwa wana wa marehemu. Useme kwa kinywa chako kwamba mama hakutaka kuandikwa, na hakuna anayetaka hata nazi moja. Nami nitasema mbele yao kwamba ni mimi niliyeituma. Akasema atajaribu.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na msala mkononi.

"Umemlisha, kisha ukamwandika?"

"Ndiyo."

"Kwenye mkeka wangu."

Siku ile hakunisemesha tena. Sijui kama nilifanya haki. Najua nilifurahi, tena sana, na nimeliandika hili nisije nikaonekana mwema.

Arobaini ni Ijumaa. Jana mtafiti alipiga simu kuuliza kama anaweza kutuma barua badala ya kuja. Nikamwambia wale ndugu hawasomi barua, wanasoma simu, na mlango wanaousimamia ni wa mbao, haufunguki kwa barua. Akasema atatazama nafasi.

Lile jambo la mtoto nimelifuta kwenye daftari. Nilipitisha wino juu yake mpaka karatasi ikakaribia kutoboka, kwa sababu mtoto hana kosa. Asubuhi nimefunua ukurasa wa nyuma nikaona alama za kalamu zimetokeza, na mwenye macho mazuri anazisoma. Sijauchana.

Mama ameshaifua leso yake ya msiba, imeanikwa kambani. Kila akimaliza kuswali namsikia anamwombea yule mgeni afike salama. Mimi, nikisema kweli, kuna saa naomba asije.