Mapera Niliyoyaosha Mferejini

Kosa langu la kwanza maishani lilikuwa kuamini kwamba maji yakikuonyesha mchanga wa chini, basi ni safi. Nililikumbuka juzi, rafiki yangu, nilipopita Ruiru nikakuta mfereji wa shamba la kahawa umefukiwa.

Miaka ile ya hamsini ulitoka mtoni, ukapita nyuma ya nyumba za vibarua, ukaishia kwenye kiwanda cha kuoshea kahawa. Msimu wa mapera tuliinusa miti tukiwa mbali, tukakimbia. Wenzangu walifuta pera kwenye kaptula wakauma. Mimi niliogopa uchafu kuliko nyoka, kwa hiyo nilisugua kila pera mferejini hadi ling'ae.

"Kumbe leo padri yuko kazini," mtoto wa jirani alisema, mdomo umejaa. "Nibatizie na hili langu."

Mwaka huo nilikuwa nimechaguliwa kukimbia mbio za kupokezana vijiti Thika, kwenye michezo ya shule. Usingizi ulinipotea kwa furaha. Hata nikitumwa kuni nilikwenda mbio. Kisha, wiki yenyewe ya michezo, tumbo likaanza kuninyonga, nikaharisha damu. Nilificha, lakini nyanya yangu aliona nilivyokwenda chooni nimejikunja, akanivuta mkono hadi zahanati.

"Ni amiba," tabibu alisema. "Unakunywa maji gani?"

"Ya kuchemshwa."

"Na matunda?"

"Naosha sana," nikajibu kwa fahari. "Mferejini."

"Ngai," nyanya akasema. "Pale wanapofulia nepi huko juu? Kumbe umekuwa ukila nepi za watu."

Nilidungwa sindano. Tabibu akanikataza kukimbia, kwa kuwa dawa ile ilichosha moyo. Nililia njia nzima. Nafasi yangu akapewa yule mtoto wa jirani, mla mapera ya kufuta kwenye kaptula.

Lakini Thika nilikwenda. Alipokea kijiti tukiwa wa mwisho, miguu mitupu, vumbi jekundu likatimka. Akampita mmoja, akampita wa pili, na kwenye kona ya mwisho akampita wa tatu. Nilipiga kelele hadi sauti ikakauka, nikasahau kabisa kwamba nina tumbo. Akaja kujitupa nyasini kando yangu, anahema.

"Mwaka ujao ukimbie mwenyewe, bwana," akasema. "Mimi nimechoka."

Kiwanja kile sasa kimejengwa nyumba, na mwenzangu alihamia mbali. Siku hizi kwangu tunda huoshwa kwa maji yaliyochemshwa, na anayeumwa tumbo husema siku hiyo hiyo.