Mpaka Rangi Asiyekunywa Pombe

Miaka ishirini na miwili Abdul-Karim alipaka magari rangi katika karakana ya Kisenyi, Kampala, na kila adhuhuri alikunywa nusu lita ya maziwa kwa pumzi moja. Mafundi waliomtangulia walimfundisha hivyo: maziwa huosha rangi kifuani. Barakoa zilizoletwa na watu wa afya aliziona za kumziba pumzi tu.

Sasa miguu ilianza kumsaliti. Akiinuka, ardhi ilimwendea upande. Ulimi ulikuwa mzito. Siku moja alilitafuta jina la binti yake, Hasifa, asilipate.

"Mzee, leo umepiga chupa ngapi?" Oloya, fundi wa kunyoosha bodi, alimtania. "Na Uislamu wako wote huo!"

Karakana nzima ikacheka. Utani ule ukapanda kilima cha Old Kampala, ukamfikia mkewe, Nusura, nyumbani. Nusura akazinusa nguo za mumewe, akakuta harufu kali, asijue kama ni ya thina ya kuyeyushia rangi au ni ya waragi, ile pombe kali. Akampa wiki moja: aiache chupa, la sivyo yeye arudi kwa kaka zake huko Bombo.

"Wallahi sijaionja!"

"Basi ni mimi ninayeyumba, Baba Hasifa?"

Abdul-Karim hakutulia tena. Siku ya sita akamchukua mkewe hadi kwa daktari wa mishipa ya fahamu, kilimani Nsambya. Dawa hakuifikiria. Alichotaka ni shahidi.

Daktari alimwambia aguse pua kwa kidole, kisha afuate mstari wa vigae, kisigino mbele ya vidole. Hatua ya tatu akaparamia ukuta. Nusura akageuza uso.

Vipimo vilichukua saa nyingi. Abdul-Karim alikaa, akasimama, akaenda mlangoni, akarudi.

"Si pombe," daktari alisema mwishowe. "Ni mvuke wa rangi. Umeula ubongo wako taratibu. Kilichoharibika huenda kisirudi, lakini ukiiacha kazi hii leo, kilichobaki utabaki nacho."

"Na maziwa, daktari?"

"Maziwa yanakwenda tumboni, mzee. Mvuke unakwenda kichwani."

Nje, Abdul-Karim alikuwa karibu kucheka. "Umesikia, Mama Hasifa? Mimi si mlevi!"

Nusura alikuwa analia. "Afadhali ungekuwa mlevi. Mlevi ningemwacha. Wewe nitakuachaje?"

Simu ikaita. Mwenye karakana alimtaka: kuna basi dogo linangoja rangi.

"Hili moja tu," Abdul-Karim akamwambia mkewe. "La mwisho."

"Sikiliza unavyosema! Mlevi angesema nini tofauti?" Akamnyang'anya simu, akaiweka sikioni. "Fundi hayupo. Hatakuja. Kesho pia hatakuja." Akakata.

Abdul-Karim akanyoosha mkono kuidai. Mkono ukatetemeka mbele ya wapita njia. Akauficha mfukoni na kuanza kuteremka kilima kwa haraka, asijue anakwenda wapi. Nusura akamkimbilia, akamshika kiwiko, wakateremka pamoja.