Fainali Mbili Tusizocheza

Juzi kazi ya ofisi ilinipeleka mtaa wa Muhumba, nikapita kutazama uwanja tuliochezea utotoni. Hakuna uwanja, rafiki yangu. Pamejaa nyumba za ghorofa mpaka karibu na ziwa.

Zamani tulikutana pale saa kumi, tukishachota maji ya nyumbani. Upepo ulileta harufu ya sambaza, vile visamaki vya ziwani, wakikaangwa, matumbo yakanguruma. Mwalimu wetu Mwingereza, tuliyemwita Monsieur kama tulivyowaita walimu wote kwa Kifaransa, alikuja akichechemea, goti moja limevimba siku zote. Kwao, miaka ile baada ya vita kuu ya pili ya dunia, alikuwa mchezaji wa kulipwa katika mji wa machimbo ya makaa. Mpira wa ngozi ukilowa ulikuwa mzito kama jiwe, alisema. Siku ya mechi alipanda basi moja na mashabiki, na ligi ikifungwa alipaka rangi nyumba za watu.

Habari moja alinisimulia mimi peke yangu, kwa kuwa nilicheza winga ya kulia kama yeye. Timu yake ilifika fainali ya kombe mara moja tu. Alikuwa amecheza mechi zote za nyuma. Asubuhi ile kocha akasoma majina, lake halimo. Nafasi amepewa mkwe wa rais wa klabu. Akaitazama fainali amevaa suti. Macho yalimlowa aliponieleza, na tangu siku hiyo nilimpenda kama baba.

Mwaka uliofuata tukafika fainali ya mashule. Bibi alinipigia jezi pasi ya makaa, akanilisha bugali na maharagwe. Monsieur akasoma majina kumi na moja. Namba saba, namba yangu, akampa mtoto wa mfanyabiashara mmoja.

“Monsieur, na miye?”

“Weye utakaa,” akasema, akikunja karatasi yake. “Kalasi za shule zinavuya mvua ikinyesha, mutoto wangu. Papa yake atatupatia mabati.”

Tulishinda mbili kwa moja. Nilipiga makofi pamoja na wengine. Nyumbani nilimweleza bibi yote, hata habari ya fainali ya Monsieur; aliitazama jezi isiyo na tope, akasema, “Mwenye njaa akishiba, anasahau harufu ya njaa.”

Bibi alikosea. Kesho yake Monsieur alikuja kwetu, akakaa jikoni, akanywa chai mpaka ikaisha, akaondoka bila kuitaja fainali. Hakuwa amesahau. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Sikurudi uwanjani. Vita vikaja huku kwetu, Monsieur akaondoka na wageni wenzake. Wenzangu wengine walifuata dhahabu Shabunda. Wengine hatujui walizikwa wapi.

Mwaka jana sisi tuliobaki tukasikia Monsieur amefariki kwao. Tukamwombea misa, wenzangu wakaniomba nieleze maisha yake, kwani nilimjua kuliko wote. Nilieleza vizuri mpaka asubuhi ya fainali yake, kisha nikakatisha hapo hapo, nikarudi kuketi. Watu wakadhani ni majonzi. Labda yalikuwemo. Lakini miaka yote hii nilikuwa namngoja aniombe msamaha, na pale kanisani ndipo nilipoelewa kwamba hatakuja.