Samaki wa Mbao

Fundi wa pikipiki ana mikono ya kukaza. Hata kifuniko cha chupa ya chai hukikaza mpaka mkewe amwite jirani aje kukifungua. Zamani, wenzake bwawani walikuwa wakimtania, "Fundi, unavua au unang'oa visiki?" Siku hizi wameacha utani huo. Hutupa majini chambo chake, samaki wa mbao mwenye ulimi wa bati, yule anayezama akivutwa na kuelea akiachwa. Akisikia samaki huyo amegonga kisiki chini ya maji, hulegeza uzi na kungoja apande mwenyewe, kisha huvuta tena taratibu, kama anayemwamsha mtoto. Wakimsifu, huinamisha kichwa tu.

Kaka yake ndiye aliyekuwa akimwambia, "Legeza, mdogo wangu, atapanda tu." Kaka huyo alimchongea samaki wa mwisho kabla macho yake hayajafifia, na fundi akamvuta kisikini kwa nguvu zote mpaka uzi ukakatika. Tangu hapo, kila kaka akimwuliza kuhusu samaki huyo, hujibu, "Yupo, kaka." Jumapili iliyopita kaka alinyoosha kiganja. "Hebu nimshike." Fundi akamwekea kiganjani samaki wa dukani, aliyemnunua badala ya yule aliyepotea. Kidole gumba cha kaka kikapita mgongoni mwa samaki, kikafika kwenye ulimi ambao hakuukata yeye, kikasimama.

"Ulivuta, eh?"

"Nilivuta, kaka."

Kaka hakumrudisha yule samaki. Kidole chake kiliendelea kupapasa ubavuni, polepole, kana kwamba kwa kutafuta sana alama za kisu chake zingeonekana.