Nyanya Zenye Kitako Cheusi

Juzi sokoni Garissa, muuza mboga alikuwa akitenga nyanya zilizooza kitako, nyeusi kama ngozi iliyoungua. "Hizi hazina ugonjwa, mama," akaniambia. "Zilikosa maji tu." Niliokota moja, nikaigeuza kitako juu.

Nilipokuwa mtoto, wakati wa vita vya serikali na waasi wa Shifta, askari walituhamishia kambini, ndani ya uzio wa miiba, mbali na shamba letu la kando ya Tana. Alasiri moja walituruhusu, mimi na baba, kwenda kulitazama. Udongo ulikuwa umepasuka, na karibu kila nyanya ilikuwa na kitako cheusi. Askari aliyetusindikiza alisimama nyuma yetu na bunduki, akitema mate.

Baba alikuwa mtu wa ngamia. Kilimo alikianza ukubwani. Aling'oa mimea yote, hata iliyokuwa bado na maua, akairundika na kuichoma. Moshi wa majani mabichi ulinikaba koo.

"Aabo, mbona unachoma hata mizima?" nilimuuliza baba.

"Ngamia mwenye upele hutengwa, asiambukize wengine," alisema bila kunitazama. "Ukichelewa, wallahi, unaangamiza zizi lote."

Nikaufikiria uzio wetu wa miiba. Kumbe ndiyo maana tuliwekwa mle: sisi ndio wagonjwa.

Gotini nilikuwa na kidonda kilichokauka, kikawa cheusi. Tulipofika lango la kambi nililivuta gauni langu chini, nikalishika kwa mikono miwili iliyonuka moshi, nikapita mbele ya askari bila kupumua.