Makaa ya Vifuu na Pumzi ya Baba

Baba alianza kuishiwa pumzi wakati mie nahangaika na makaa. Alikuwa mwalimu mstaafu wa kemia, mtu wa Songea aliyehamia Mtoni na mama kabla sijazaliwa. Mtaani watu wazima wenye wajukuu walikuwa bado wakimwamkia "shikamoo mwalimu" kwa sauti ya darasani. Mwanzoni alikuwa akisimama njiani na kujifanya anamtazama mtu. Baadaye akawa anasimama tu.

Kazi yangu ya maabara ilikuwa hii: nachoma vifuu vya nazi mpaka viwe makaa, nayasaga, naufinyanga unga wake kuwa punje kama mbaazi, kisha napitisha hewa yenye hewa ukaa, ile inayotoka kwenye mabomba ya moshi ya viwanda na kuitia dunia joto. Makaa yana vitundu visivyoonekana kwa macho, na hewa ukaa hunasa humo. Tatizo ni kwamba vitundu vile vilikuwa vyembamba mno. Hewa ilinasa juu juu, kwenye ganda la punje. Katikati hapakufika kitu.

Nilimweleza baba Jumapili moja baada ya chakula. Akachangamka, akaomba kalamu, akachora punje nyuma ya bahasha ya dawa.

"Una vichochoro vitupu," akasema. "Huna barabara."

"Nikivipanua vyote, baba, hewa itaingia na kutoka. Haitanasa."

"Basi acha vichochoro vyako, lakini vipate barabara ya kuvifikia. Utaitoboaje, hapo sijui. Hiyo kazi yako."

Tulibishana mpaka mama akatufukuza mezani.

Haukupita muda mrefu, daktari akatuonyesha picha ya mapafu yake. Yalikuwa yamejaa makovu. Kuta zake zimekuwa nene, alisema, oksijeni haivuki kuingia kwenye damu kama inavyotakiwa, na makovu yale hayana dawa ya kuyaondoa. Baba alimuuliza maswali mengi, kwa utulivu, kana kwamba wanamzungumzia mgonjwa mwingine. Tulipotoka nikaanza kusema kuwa nimemwelewa daktari vizuri, kwa sababu hata kwenye punje zangu...

"Usinifananishe na makaa yako," baba akanikata. "Makaa yakiharibika unachoma mengine."

Nikamfungulia mlango wa gari.

Nilimhamishia kwangu Madale, yeye na mama, nikiamini kule mlimani hewa ni safi kuliko vumbi la Barabara ya Kilwa kule Mtoni. Tukapata mashine ya oksijeni. Akawa anashinda barazani na mpira puani, akitazama nyumba mpya zinavyopandishwa matofali upande wa pili wa bonde. Majirani walikuwa watu wema, ila waliondoka alfajiri kwenda kazini na kurudi giza limeingia. Siku nzima hakuna aliyemwita mwalimu.

Huko maabara nilijaribu kuchanganya unga wa makaa na chumvi laini. Nilifinyanga, nikachoma, kisha nikaloweka punje kwenye maji mpaka chumvi yote ikayeyuka, ikaacha njia pana mahali ilipokuwa. Nilipopitisha hewa, punje zilijaa upesi, mpaka katikati. Nilirudi nyumbani nikiimba peke yangu.

"Umerudia?" baba akauliza.

"Bado."

"Rudia kwanza, ndiyo uje kuimba."

Nikarudia. Safari hii nilitia unyevu kwenye hewa, kama ulivyo moshi wa kweli, na punje zikamomonyoka zikawa tope jeusi. Njia zilikuwa nyingi kupita kiasi. Nilimwambia ukweli, maana kumdanganya yule mzee hakukuwezekana. Alivuta pumzi mara kadhaa kabla ya kupata sauti.

"Sasa una tatizo jipya, binti yangu. Lile la zamani limekwisha. Hivyo ndivyo inavyokuwaga." Kisha, kwa sauti ileile, akasema, "Nirudishe Mtoni."

"Baba, huku hewa ni nzuri."

"Nzuri. Najua. Lakini nirudishe."

Nilimtazama mama anisaidie. Mama alikuwa ameinamisha kichwa, anakunja pindo la khanga yake, anakunjua, anakunja tena. Nikaelewa kwamba wameshazungumza, na kwamba hakuwa anaomba ruhusa.

Tukarudi. Kibarazani pakajaa watu tangu siku ya kwanza. Wengine waliongea siasa na mpira, wengine walikaa tu. Yeye hakuweza tena kusema sana, akawa anacheka kwa mabega. Asubuhi moja mama alimwacha akisikiliza redio, akaenda kumkorogea uji. Aliporudi na kikombe, baba alikuwa amekwisha kwenda. Mie nilipofika, majirani walikuwa wameshafunga turubai na kutoa makochi nje. Mama alikuwa bado ameshika kile kikombe. Nilijaribu kumpokea, hakukiachia.

Baada ya mazishi niliona maabara kama nyumba ya mtu mwingine. Niliingia, nikatazama tanuri, nikatoka. Wenzangu hawakunisukuma. Niliporejea kwenye kazi nilipunguza chumvi, nikatumia molasi, yale masalia mazito ya kutengeneza sukari, kushikamanisha unga, nikaacha moto upande polepole. Punje zikashika. Hewa ukaa ikafika katikati, na unyevu haukuzivunja. Nikarudia, nikarudia tena, nikarudia mpaka mwenzangu mmoja akaniambia, "Sista, inatosha. Imekubali."

Nilitoka nje, nikampigia mama simu. Nilimweleza yote, chumvi, molasi, moto, harakaharaka, kama vile kuna mtu atanikatiza aniulize. Mama hajawahi kusoma kemia. Nikasikia watoto wa jirani wakicheza uani kwake.

"Hongera mwanangu," akasema hatimaye. "Nimeivisha maharage. Njoo tule, mie kula peke yangu kumenishinda."

Nikachukua mkoba wangu, nikaenda.