Koti Jeupe Aliloshona Mama

Koti langu la maabara alilishona mama mwenyewe, kwa cherehani yake ya miguu pale Katandala, mwaka niliochaguliwa kwenda kusoma kemia. Mabega aliyaachia nafasi, akisema mtu akisoma hupanuka. Nilisoma, nikarudi Sumbawanga, nikaajiriwa kupima maji na udongo, wala sikupanuka. Nililivaa hivyo hivyo, mabega yakining'inia.

Kwa vyombo vya kioo sikuwa na mkono. Nilivunja vingi hadi mkuu wa maabara, mtu mpole, akaniweka mezani nikague madaftari ya vipimo. Huko ndiko nilikojipata. Siku moja nikagundua maji ya kisima yaliyopimwa Jumatatu, ilhali yalichotwa Jumatano. Wenzangu walicheka, mimi nilifurahi kama mtu aliyeokota sungura njiani. Watafiti wakaanza kuniletea takwimu zao nizikague, mmoja akimwambia mwenzake, mwisho nikaacha ajira. Nikawa mshauri wa takwimu za kisayansi. Ofisi yangu ni chumba changu cha kulala, mtaa wa Chanji.

Mama, ambaye wakati huo alikuwa amehamia kwangu, hakumwona mshauri yeyote. Alimwona mwanawe amekaa nyumbani mchana kutwa. Majirani wakiuliza, aliwaambia niko likizo. Likizo hiyo ikaingia mwaka wa pili. Kila Jumamosi alilifua koti, akalipiga pasi, akalitundika nyuma ya mlango wangu. Nikimwambia hii ndiyo kazi, alijibu, "Sawa, mwanangu," kwa sauti anayowatunzia wagonjwa.

Alhamisi moja, zamu ya sala za jumuiya ikawa kwetu, nami nilisahau. Nilikuwa nazungumza kwa kompyuta na mtafiti mmoja wa Mbeya, dada ambaye nilitamani sana anipe kazi ya vipimo vyake vya udongo wa mashamba ya ulezi. Alikuwa bado anafikiria. Mara sauti ya mama ikaja kutoka sebuleni.

"Tumwombee kijana wangu. Kazi ilimponyoka, na tangu hapo anaongea na kompyuta."

"Ee Bwana, utusikie," wakaitikia.

"Na kama koti nililomshonea lilikosewa vipimo, likamwaibisha mbele ya wenzake, Bwana unisamehe mimi."

Niliumia. Siku zote nilidhani lile koti mlangoni ni lawama kwangu. Kumbe mama alikuwa akijilaumu mwenyewe.

"Ee Bwana, utusikie," ikaitikia kompyuta. Kisha, "Kaka, nipeleke kwa mama."

Nikaibeba mpaka sebuleni, akina mama wakasogeza viti.

"Shikamoo, mama," dada akasema. "Kazi anayo. Na yangu nampa leo."

"Marahaba." Mama aliinama kuitazama skrini, kisha akanigeukia mimi. "Watu wanakupa kazi, na wewe umevaa fulana?"

Nikarudi chumbani, nikalitoa koti msumarini. Karibu miaka miwili ya kukaa kitini, nikila ugali wake mara mbili kwa siku, ilikuwa imefanya kile ambacho chuo kilishindwa. Lilinikaa barabara, mabega yote mawili.

"Vipimo vilikuwa sawa, mama," nikamwambia.

Alilivuta koti kidogo kwenye bega, akanyoosha mshono, akawaambia wenzake waendelee na sala.